Bustani ya Masika Salgaa: Anza na Paka

Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha Salgaa, kwa kawaida kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, mambo mengi huanza kwa pamoja. Trekta zinapita mashambani, na panya waliokuwa wamejificha kwenye mabua makavu wanakimbilia majumbani. Nyasi zinachipuka, wadudu wanajaa, na ndege wanajenga viota kwa sababu chakula cha makinda kimepatikana. Nawe unatoa jembe, unataka kupanda maua. Katikati ya shughuli hizo zote yupo paka wako, ambaye kazi yake iko stoo na tamaa yake iko kwenye kichaka cha maua.

Wengi hupanga bustani kwa kuanza na maua, kisha wanasikitika kukuta manyoya ya ndege chini ya waridi. Nakushauri uanze upande wa pili. Amua kwanza paka atakuwa wapi na saa ngapi, kisha maua uyapande kufuatana na uamuzi huo. Paka habagui kati ya panya anayetoboa gunia lako na ndege chozi anayefyonza ua. Anayeweza kubagua ni wewe, kwa kutumia saa na mlango.

Panya hutembea usiku. Ndege wa bustani hushughulika sana kuanzia alfajiri hadi asubuhi jua likipanda, kisha tena jioni kabla ya giza. Kwa hiyo mpe paka usiku, na asubuhi waachie ndege. Saa kumi na moja jioni mlishe ndani ya stoo ya mahindi na umfungie humo. Usimtoe hadi saa tatu asubuhi. Salgaa iko karibu kabisa na ikweta, jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na ratiba utakayomzoesha Aprili haitahitaji kubadilishwa Agosti mvua itakapozidi tena. Siku za kwanza atalia. Vumilia, na hakikisha chakula kinapatikana stoo tu, si jikoni. Paka hufuata bakuli.

Stoo yenyewe itazame kabla ya kumfungia. Anahitaji maji, hewa, gunia kuukuu la kulalia na karai la mchanga la kujisaidia. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi wanaponunua dawa: baadhi ya unga wa kuhifadhia mahindi dhidi ya dumuzi una permethrini, na permethrini ni sumu kali kwa paka. Atakanyaga vumbi lile, atajilamba miguu, na sumu itaingia. Soma kibandiko. Kama unataka paka alale stoo, hifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa yoyote. Mifuko hiyo ina adui mmoja mkubwa, panya mwenye meno, na huyo ndiye uliyemwekea paka. Mipango miwili inasaidiana.

Sasa chakula. Kuna imani kwamba paka mwenye njaa ndiye mwindaji mzuri. Paka mwenye njaa huzurura. Anaacha stoo, anavuka mashamba ya watu, na huku barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret ikiwa na malori usiku na mchana, wengi hawarudi. Ugali uliolowekwa maziwa, ambao ndio mlo wa paka wengi huku, haumtoshi. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji taurini inayopatikana kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu huharibika macho na moyo. Paka wengi wakubwa pia hawawezi kusaga sukari iliyo katika maziwa, ndiyo maana wanaharisha. Omena ni jibu la bei nafuu. Ziloweke utoe chumvi na mchanga, uzichemshe, umpe konzi moja asubuhi na nyingine jioni, na siku ya matumbo au maini umgawie kipande.

Chakula hicho kinahusu ndege moja kwa moja. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha matokeo ya kufuatilia paka wa nyumbani wanaowinda. Paka waliopewa chakula chenye protini nyingi ya nyama walipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36. Waliochezeshwa na wenye nyumba dakika tano hadi kumi kila siku walipunguza kwa asilimia 25. Kola pana yenye rangi kali ilipunguza ndege waliokamatwa kwa asilimia 42, kwa kuwa ndege huona rangi vizuri na kuruka mapema. Kengele haikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Kola ya namna hiyo unaweza kuishona mwenyewe kwa kitambaa cha kitenge, nyekundu na manjano, ukiweka lastiki itakayomwachia akinaswa kwenye tawi. Mchezo ni kazi ya watoto: unyoya kwenye kamba ya mkonge, jioni, kabla ya kufungiwa stoo.

Baada ya hapo ndipo maua yanapoingia.

Udongo wa upande huu wa Bonde la Ufa ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unaopitisha maji haraka na kukauka haraka. Tena mahali tulipo ni mteremko unaoshuka kutoka Mau Summit kuelekea Nakuru, na mvua ya Aprili ikija kwa nguvu hubeba mbegu zote hadi mtaroni. Lima matuta yakate mteremko. Changanya mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa, maana ile mbichi huunguza mizizi. Kwenye ukingo wa chini panda kitu chenye mizizi ya kushika, mchaichai au agapanthasi. Zinia, kosmosi na alizeti zipande kwa mbegu moja kwa moja udongo ukishalowa vizuri. Jeraniamu na salvia huota kwa vipande vya shina.

Lakini kama nafasi yako inatosha mmea mmoja tu, panda leonotisi. Unaujua hata kama hujawahi kusikia jina lake: shina refu lenye pembe nne, na kila baada ya kipande cha shina kuna duara la maua marefu ya rangi ya chungwa, yanayokauka kuwa mpira wa miiba. Huota kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyopumzishwa, na mbegu zake ni za bure. Chozi wanaupenda kuliko waridi lolote la dukani, kwa sababu ua lake limepinda na kurefuka kulingana na mdomo wao. Waridi zuri lenye petali nyingi mara nyingi halina cha kumpa ndege wala nyuki.

Upangaji wa leonotisi una siri yake, na siri hiyo iligunduliwa hapa Kenya. Frank Gill na Larry Wolf, wanasayansi kutoka Marekani, walimchunguza chozi wa nyanda zetu za juu mwenye mabawa ya rangi ya dhahabu, wakachapisha matokeo mwaka 1975. Waliona kwamba kila ndege anayelinda eneo lake hupigania idadi ya maua, si ukubwa wa ardhi. Maeneo yalitofautiana sana kwa upana, lakini kila moja lilikuwa na maua ya leonotisi takriban 1,600, kiasi kinachotosha kumlisha ndege mmoja kwa siku. Kulinda maua kunamfaidi, kwa sababu ua lisiloguswa na wengine huwa na nekta zaidi, naye hupata muda wa kupumzika. Kwako maana yake ni hii: usitawanye mashina mawili mawili kote uani. Panda kwa kishada, mashina mengi pamoja. Tena panda vishada viwili visivyoonana, kimoja nyuma ya nyumba na kingine mbele, la sivyo chozi mmoja mbabe atavimiliki vyote na kufukuza wenzake kutwa.

Vishada hivyo viwe mbali na stoo, mbali na jikoni na mbali na njia anayopita paka. Na uache uwazi wa nyasi fupi kukizunguka kila kishada, hatua tatu au nne kwa kila upande. Paka huwinda kwa kujificha na kuruka. Akinyimwa pa kujificha, amenyimwa silaha. Kwa sababu hiyo hiyo usipande vichaka vifupi vilivyosongamana chini ya mti wenye viota. Chombo cha maji ya ndege kiweke juu ya nguzo inayofika kifuani mwako, maji yasizidi kina cha vidole viwili, na chini ya nguzo funga matawi ya miiba. Badilisha maji kila baada ya siku mbili ili mbu wasizaliane.

Miiba hiyo itatoka kwenye kayaba. Sifichi upendeleo wangu: ua wa kayaba ni bora kuliko ukuta wa mawe na kuliko senyenge. Miiba yake mirefu humzuia paka, mwizi na mbuzi, na ndani yake ndege hujenga bila hofu. Matunda yake ya manjano hufaa jemu. Upogoe Januari au Februari, kabla ya mvua. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni usiuguse kwa panga, kwa sababu kila unachokata kinaweza kuwa na kiota. Lantana, ambayo wengine huipanda kwa ajili ya ua lake la rangi mbili, ing'oe. Ndege husambaza mbegu zake hadi malishoni, na majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi wakiyala.

Ndani ya kayaba utamkuta kinyonga. Vinyonga wa nyanda hizi za juu wapo wanaozaa watoto hai badala ya kutaga, kwa hiyo ukiwaona watoto wadogo kama njiti wametawanyika kwenye matawi baada ya mvua, ni uzao wa siku hizo. Wafundishe watoto wa boma wasimpige mawe. Hana sumu, haumi mtu kwa madhara, na kutwa anakula nzi na panzi juu ya mboga zako. Vyura nao waachie nafasi: rundo la mabua ya mahindi kwenye kona yenye kivuli linatosha. Rundo hilo liwe mbali na mlango wa nyumba, kwa sababu panapokaa vyura na panya, moma naye hufika. Karibu na nyumba fyeka nyasi ziwe fupi, na usiku tembea na tochi. Mtu akiumwa, asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe na apelekwe hospitali mara moja.

Kurumbiza ndiye ninayemwombea zaidi katika miezi hii. Yule wa milimani, mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, hujenga chini sana, pengine ndani ya chungu cha maua au kwenye ukingo wa mtaro, mahali ambapo paka hafanyi kazi yoyote kufika. Ukimwona akibeba majani makavu kuelekea sehemu moja kila mara, usikaribie. Hamisha shughuli zako, na weka matawi ya kayaba kuzunguka mahali pale, ukiacha tundu la ndege kupita. Kuatamia huchukua kama wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine au zaidi. Zile siku chache baada ya kinda kutoka kiotani, anaporukaruka chini bila kuweza kupaa, ndizo za hatari kuliko zote. Siku hizo mfungie paka kutwa nzima. Ukikuta kinda lenye manyoya limesimama chini, usilibebe kwenda nalo ndani. Wazazi wako karibu. Liweke juu ya tawi na uondoke.

Siafu huja na mvua pia. Wakipita huua makinda kiotani na vitoto vya paka vilivyofungiwa mahali. Sanduku la paka aliyezaa liinue kutoka sakafuni uliweke juu ya meza, na miguu ya meza hiyo iisimamishe kwenye makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo.

Fuko hupenda udongo uliolainika, naye atamaliza mizizi ya dahlia zako. Panda dahlia ndani ya vikapu vya waya au kwenye ndoo kuukuu.

Kuhusu sumu sitapita haraka, maana paka wengi wa vijijini hufa kwa vitu ambavyo mwenyewe alivinunua kwa nia njema. Pasaka huangukia msimu huu, na watu huleta nyumbani mayungiyungi meupe yale ya kuweka kwenye chombo cha maua. Kwa paka, kila sehemu ya ua hilo ni sumu ya figo: jani, petali, hata chavua akijilamba manyoya, hata maji ya chombo chake. Usiyaingize nyumbani kabisa. Ua la tarumbeta, lile kubwa linaloning'inia na kunukia usiku, lina sumu kwa watu na wanyama. Likiwepo, liwe mbali na watoto. Sumu ya panya humrudia paka kupitia panya aliyekufa nusu, na humuua pia bundi, ambaye kwa usiku mmoja anakufanyia kazi ya bure shambani. Chagua: sumu au paka. Vyote viwili havikai boma moja.

Dawa ya kupe ya ng'ombe usimwogeshee paka hata kwa tone. Amitrazi na dawa za jamii ya permethrini zinamwangamiza, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuvunjavunja kemikali ambazo ini la mnyama mwingine huzimudu. Udhaifu huo wa ini ndio unaofanya tembe moja ya paracetamoli itoshe kumuua. Ukimwona anatetemeka na kutoa mate baada ya kugusana na dawa ya kupe, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, umkaushe, na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Kuna watu husikia hivyo na kuiogopa pareto, kwa sababu permethrini iliundwa kwa kuiga kemikali za pareto. Ua lenyewe halistahili hofu hiyo. Pareto ndiyo iliyowajulisha wakulima wa Molo kwa ulimwengu wakati Kenya ilipoongoza kwa uzalishaji wake, na kiwanda cha kuichakata kiko Nakuru mjini. Sumu yake ya asili huvunjika haraka juani, tofauti na ile ya maabara iliyotengenezwa idumu. Panda mstari mmoja wa pareto pembeni mwa mboga. Ni ua jeupe lenye moyo wa manjano, linapendeza. Ukinunua dawa iliyotokana nayo, nyunyizia jua linapozama nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na paka akiwa tayari amefungiwa stoo.

Paka hupenda kujisaidia kwenye tuta jipya. Tandaza vijiti vya kayaba juu ya tuta hadi miche ikue, na mwachie kona yenye mchanga mkavu anayoweza kufukua. Jambo hili lina uzito wake kwa afya ya watu. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, ambavyo vinahitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, na kwenye udongo wenye unyevu huishi miezi mingi. Kwa hiyo karai la stoo lisafishwe kila siku. Mjamzito asilisafishe, na akishika udongo wa bustani avae glavu. Managu, sukumawiki na dania zioshwe kwa maji mengi hata zikitoka nyuma ya nyumba yako mwenyewe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia. Kenya inalenga kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo kufikia mwaka 2030, na hilo linategemea wenye boma kupeleka wanyama wao. Mchanje akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Akikukwaruza au kukuuma paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Mpeleke pia ahasiwe au afungwe kizazi, akiwa na miezi minne hadi sita. Katika nchi zenye baridi kali paka huanza kutafuta dume siku zinaporefuka, ndiyo maana vitoto huzaliwa kwa msimu. Kwenye ikweta siku hazirefuki, na jike anaweza kushika mimba mwezi wowote, akazaa baada ya siku 63 hadi 65, akarudia. Boma lenye paka mmoja mwenye kazi hugeuka boma lenye paka kumi wenye njaa, na hakuna ratiba ya stoo itakayowalinda ndege dhidi ya kumi. Kuna sababu nyingine inayonigusa: paka pori, babu wa paka wote wa nyumbani, bado anaishi katika vichaka vya Bonde la Ufa. Tofauti yake huonekana miguuni, mirefu kidogo, na nyuma ya masikio yenye wekundu. Paka wetu wanaozurura hupandana naye, na damu yake inafifia bila mtu kufyatua risasi.

Juni baridi ikiingia, pitia leonotisi zako. Vichwa vilivyokauka vikate ukiwa umevaa glavu nene, kwa kuwa miiba yake inachoma, uvikung'ute juu ya gazeti, na mbegu nyeusi uzifunge kwenye karatasi, si plastiki. Mashina machache yaache yamesimama na vichwa vyake. Ndege wala mbegu watayapitia hadi Agosti. Alizeti nazo usizikate zote. Nusu ya mbegu za leonotisi weka kwa ajili ya Machi ijayo, na nusu mpe jirani wa upande wa pili wa kayaba, ili chozi mbabe wa kwako apate mpinzani huko.